Mfinyanzi wa Kanaani

Serikali ya Mwingereza ilipoamuru vijiji vya porini vihame kwa sababu ya malale, Benedikta binti Masolwa hakulia kama wenzake. Ugonjwa ule ulikuwa umeshamchukua mumewe, Eustace. Alifunga vyungu vyake kwa kamba za magome, akamwambia wifi yake Pelagia kwamba pori lile halimdai machozi tena. Wakaondoka pamoja. Ilikuwa mwaka wa 1936.

Walipelekwa mahali palipo mwendo wa nusu siku kutoka Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Miti ilikuwa imefyekwa ili mbung'o, wale nzi waenezao malale, wakose pa kukaa, na kila nyumba ilipimiwa shamba. Jumapili ya kwanza Anton, katekista aliyehama nao, aliwaambia watu wasinung'unike. Mungu aliwatoa wana wa Israeli Misri akawapa Kanaani, na hapa, alisema, ndipo Kanaani yao.

Lakini maji hayakuwapo. Mafundi wa serikali walichimba kilimani karibu na nyumba, wakagonga mwamba, wakaenda zao wakiahidi kurudi. Wanawake wakawa wanakwenda kwenye kijito cha mbali asubuhi na kurudi jua la utosi. Haukupita mwezi neno Kanaani likatoka kanisani likaingia vinywani mwa watu. Ugali ulioliwa bila mboga uliitwa ugali wa Kanaani. Mwanamume aliyeahidi kumwezekea mama mkwe nyumba na asionekane, walisema amempeleka mama wa watu Kanaani. Anton alipopita, watu walikohoa. Mwishowe akaacha kulitaja jina hilo hata akihubiri.

Benedikta alicheka na wenzake, maana hata yeye kichwa kilimuuma kwa mitungi. Ila baba yake, Masolwa, alikuwa mpagazi ujanani, akabeba pembe za ndovu mpaka pwani, na alizoea kumsimulia kuwa msafara haukulala pasipo na maji. Sasa huku chini ya kilima, majanini, Benedikta aliona mafiga ya zamani, mistari kwa mistari. Watu mamia walipika hapa. Walikunywa nini?

Septemba, ardhi yote ikiwa vumbi, alichukua jembe akateremka mbugani chini ya yale mafiga. Alichimba hapa na pale kama atafutavyo udongo wa vyungu. Mahali pamoja, kina cha mkono mmoja, udongo ulitoka wa kijivu, umeshikamana, na ulikuwa mbichi. Aliufinyanga kiganjani ukakubali. Udongo unaokaa mbichi Septemba, aliwaza, unanyweshwa na kitu.

Alikwenda kwa jumbe wa makazi yale, mzee Ngollo, akamsalimu shikamoo na kumweleza. Ngollo alimsikiliza, kisha akamwambia asubiri.

"Mafundi watarudi, mama. Wao wana vyombo."

"Warudi tu, jumbe. Watanikuta."

Akaanza kuchimba, yeye na Pelagia. Wanaume waliopita walisema mfinyanzi anajichimbia chungu cha kujizikia. Siku ya tatu, shimo likiwa limempita kimo, Anton alikuja akasimama ukingoni, kanzu ameikunja mkononi.

"Nimewadanganya watu, Benedikta," alisema.

"Hukudanganya, mwalimu. Ulitaja nchi tu, ukasahau kutaja jembe. Shika kamba."

Anton akashika kamba, akavuta vikapu vya udongo mpaka viganja vikachubuka. Siku ya sita udongo wa kijivu uliisha ghafla, chini yake ukatokea mchanga mweupe, na mchangani maji yakaanza kujikusanya, machafu kama uji mwepesi. Kesho yake asubuhi yalikuwa yametulia na kung'aa. Pelagia alinywa kwa viganja, akakaa chini. Benedikta alisimama kando yake akiangalia maji, akahisi mikono yake ni myepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ngollo alikuja, akanawa uso, akatuma wanaume wapanue shimo na kulijenga kwa mawe. Wengi wao walikuwa wale waliomcheka. Benedikta hakuwakumbusha, ila aliwaonyesha pa kuweka kila jiwe.

Vinywa navyo vikageuka, polepole. Mtu aliyelala mchana kivulini baada ya kumaliza palizi, watu walisema mwacheni, yuko Kanaani. Mgonjwa aliyepata nafuu, walisema amevuka kuingia Kanaani. Karani wa boma alipokuja na daftari aliuliza jina la makazi, na Ngollo akataka liwe jina la babu yake, lakini wanawake waliokuwa kisimani walijibu kabla yake.

Miaka miwili baadaye Benedikta alipeleka mitungi Mtendeni, mjini Tabora. Yahaya, mfanyabiashara wa hapo, aliugonga mmoja kwa kidole, akasikiliza mlio wake, akauliza umetoka wapi.

"Kanaani," alijibu.

Yahaya akatabasamu. "Kanaani ya Nabii Yakubu?"

"Ya huku kwetu, njia ya Ujiji. Udongo wake tunautoa wenyewe."

Yahaya akaugonga mtungi wa pili, kisha akaomba aletewe mingine sita kabla ya Ramadhani.