Kigari cha Kusukuma kwa Mkono Mmoja

Ndaki alichimba dhahabu Rwamgasa mpaka kifusi kilipomwangukia na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Alirudi kwao Shinyanga, akaoa, na mkewe Limi akajifungua mapacha, Kulwa na Doto. Walipoanza kuwa wazito, Ndaki akataka kigari cha kuwabeba wote wawili.

Dukani alivikagua vigari kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Muuzaji akamsifia chekundu chenye mishikio miwili. "Hiki ndicho cha kisasa, baba."

"Tia mkono mmoja mfukoni, halafu ukikunje," Ndaki akamwambia.

Muuzaji akakisukuma kwa goti, akakibana kwa kidevu, mwishowe akakikalia. Limi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, alicheka hadi akaegemea ukuta.

Ndaki akachagua cheusi, chenye mshikio mmoja mrefu, kinachokunjika kwa kuvuta mkanda tu.

"Nikusaidie kusukuma, Baba Kulwa?" Limi aliuliza njiani.

"Wewe una mikono miwili. Utakiyumbisha."

Akakisukuma mwenyewe hadi nyumbani, akisimama kuwasalimia hata majirani ambao siku zote huwapungia tu.