Dhahabu Aliyoibeba Mama

Baba yangu alikuwa Mprotestanti wa kuzaliwa, hata pombe ya ndizi hakuigusa, lakini mtu aliyempenda kuliko wafalme wote wa Biblia alikuwa Mwislamu. Alikuwa yule mfalme wa zamani wa Mali aliyekwenda kuhiji Maka na maelfu ya watu, na ngamia waliobeba dhahabu tupu. Alipofika Misri aliigawa kwa masikini na kwa wakubwa mpaka ikashuka thamani sokoni, ikakaa miaka bila kupanda. Ijumaa ikimkuta njiani, alijengesha msikiti hapo hapo. Baba alisimuliwa hayo na Mwislamu wa mji wa Kasongo aliyekuwa akinunua dhahabu kwenye machimbo yetu, huko Kivu ya Kusini, akiipima kwa mizani ya mkono, upande mmoja dhahabu, upande wa pili njiti za kiberiti. Alisimulia ili wachimbaji wasiitazame sana mizani. Hilo nimelielewa ukubwani.

"Wafalme wengine walikamata vya watu," baba alikuwa akituambia. "Huyu alitoa. Njo maana jina lake haikufa."

Vita vilipotutoa nyumbani mwaka 1996, nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, mkubwa wa watoto wake. Mali yetu yote ilikuwa kichupa kimoja cha penisilini kilichojaa vumbi la dhahabu, kazi ya miaka ya baba mtoni. Mama alikishonea ndani ya sketi yake ya ndani. Njiani wanajeshi walimvua baba mpaka viatu. Mama walimpapasa haraka, mtoto mgongoni akapiga kelele, wakamsukuma apite. Alitembea na kichupa kile tangu milimani kwetu, tukavuka ziwa, tukazunguka Tanzania, tukavuka mto Kagera kuingia Uganda. Siku ya kwanza tuliyooga pamoja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale niliona kidonda kwenye nyonga yake, kirefu kama kidole.

Kambini tulipewa kiwanja, turubai, jembe na mahindi ya punje. Mashine ya kusaga ilikuwa mbali, kijiji cha Misiera. Mama alijitwika mahindi, akapanga foleni nusu siku, na mwenye mashine akachota sehemu ya unga kama malipo. Siku ya tatu au ya nne ya foleni hiyo ndipo alipoamua kwamba dhahabu itakuwa mashine. Alipanda gari la mizigo mpaka mjini Mbarara kuulizia bei. Alirudi akapima kwa kamba pembeni mwa nyumba yetu ya udongo.

"Hii fasi njo ya mashine," aliniambia. "Nikikufa, ni yako. Ndugu zako banaume batapata mashamba, wewe utapata hii."

Baba alikubali. Walipanga aende Mbarara Jumatatu kuiuza dhahabu. Jumapili asubuhi mama alimkabidhi kichupa akiweke mfukoni, kwa sababu wezi wa kambini walipenda saa za ibada, nyumba zikiwa tupu.

Nikumbuke pia kusema jinsi tulivyotoa sadaka. Katika kanisa letu matoleo makubwa yalikuwa mashindano. Tuligawanyika kwa tulikotoka: watu wa ziwani upande huu, watu wa milimani upande ule, kila kundi na kapu lake, na lililoshinda lilicheza mbele ya lililoshindwa. Siku ile tulichangia mabati, maana tulisali chini ya turubai lililotoboka. Watu wa ziwani walikuwa wameleta mbuzi wawili. Sisi wa milimani tulikuwa na maharage.

"Batu ya dhahabu!" mama mmoja wa ziwani aliita, ameshika kiuno. "Leo munamupa Mungu maharage?"

"Baache, dada," mwenzake akamjibu. "Beko banachimba kwanza!"

Kanisa lote lilicheka, mchungaji naye. Nikamwona baba akisimama. Alitembea polepole mpaka mbele, akainua kichupa ili kila mtu akione, akakiweka kapuni. Vikalipuka vigelegele. Watu wetu walimbeba mabegani, wakazunguka mara tatu. Mama alikuwa upande wa wanawake. Aliinua mikono apige makofi kama wenzake, akapiga mara mbili, akaacha.

Nyumbani alisema neno moja tu. "Papa, ile kitu nilibeba miye."

"Ulibeba, ndiyo," baba akajibu. "Na ngamia zilibeba."

Mama alikwenda peke yake kwa shemasi kuomba japo nusu. Shemasi hakumkaribisha kiti. "Mama, kitu imeisha kuingia mu kitunga ya Mungu. Nani ataingiza mukono kuitoa?"

Mabati yakaja, yakang'aa, yakaonekana tangu barabarani. Baba akapewa kiti cha mbele. Mama akaendelea na njia ya Misiera. Mimi nilimaliza sekondari kwa msaada wa wafadhili, nikaondoka: Mbarara, Kampala, Juba, kisha Mbarara tena. Nimekaa mahali pengi, na kila mahali nilikaa kama abiria aliyeshuka kununua maji.

Safari ile ya pili ya Mbarara nilipata kazi ya nyumbani kwa mwalimu mstaafu wa historia, Mwislamu, kwenye mlima wa Kamukuzi. Kiswahili chake alikipata jeshini akiwa kijana. Siku moja nikipiga pasi nilimuuliza kama anamjua mfalme wa baba.

"Huyo mukubwa? Namujua!" Akacheka mpaka akavua miwani. "Lakini baba yako alikwambia vile alirudi nyumbani? Dhahabu yote kwisha, wewe! Alikopa kwa matajiri wale wale wa Misri, na riba juu."

Niliirudia habari hiyo kichwani wiki nzima, kisha nikaomba ruhusa nikaenda Nakivale kumpelekea baba. Nilikwenda kwa furaha mbaya, naikiri. Niliwakuta wamezeeka. Nilikuta pia kanisa limegawanyika, wachungaji wawili hawasalimiani, na wazee wamekubaliana kuezua paa, kila upande uchukue mabati yake.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, mkono sikioni.

"Sawa, alikopa," akasema. "Jina la mfalme unalijua. Wale walimukopesha, unajua jina ya hata moja?"

Njia nzima sikuwa nimewafikiria waliomkopesha, wala waliomtwikia mizigo jangwani. Mama alikuwa mlangoni, anachambua mahindi. Hakuinua kichwa.

Siku ya kugawana, mabati yalilazwa kwenye nyasi katika mafungu mawili. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema mkutanoni, alisimama akafunga upya kitenge chake.

"Mbele ya kugawa, munipe yangu," alisema. "Ile dhahabu nilikuja nayo ku mwili. Niuze mabati, nitafute mashine, hata ya zamani."

Wazee walinong'onezana. Nadhani walimwonea haya, maana hawakumfukuza. Mmoja, wa upande wa ziwani, alifungua daftari la matoleo.

"Mama, hapa iko jina ya papa tu. Lakini papa mwenyewe eko hapa. Papa, sema neno moja, tutamupa. Ile dhahabu ilikuwa ya nani?"

Wote tukamgeukia baba. Alikuwa kwenye kiti chake, ambacho kilikuwa kimetolewa nje pamoja na vitu vingine vya kanisa. Mama hakuwatazama wazee tena, alimtazama yeye. Alitakiwa kusema, "Ya mke wangu." Hata "yetu" ingetosha.

"Ilikuwa ya Mungu," baba akasema.

"Amina!" wakaitikia pande zote mbili. Ndilo jambo pekee walilokubaliana mchana ule.

Mama aliketi. Mabati yalipoanza kupakiwa kwenye baiskeli, akainuka akaenda nyumbani, nami nikamfuata. Alijaza mahindi kwenye beseni. Nilishika ukingo nimsaidie kulibeba.

"Wacha," akaniambia. "Wewe kesho unaenda. Nitazoea mukono wako bure."

Akajitwika mwenyewe, akashika njia kwa haraka, kwa sababu Misiera walikuwa wanazima mashine saa kumi na moja.