Koti la Kuitia Kuku

Fundi cherehani hakuwapenda kuku hata siku moja. Walikuwa wa marehemu mumewe, mbishi aliyeapa kwamba dawa ya dukani haitakanyaga bandani mwake. Aliwakamulia shubiri kwenye maji ya kunywa na kuwamwagia majivu wajigaragaze, na utitiri ukakoma.

Mjane aliyafuata yote hayo, lakini ikifika jioni kuku walimkataa katakata. Akiwaswaga huku, wao wanatawanyika kule.

Jioni moja uzalendo ukamshinda. Akavaa koti la marehemu, akapiga mluzi wake. Kuku wakaja mbio, kisha wakaingia bandani mmoja mmoja, kimya kama waliotoka mazikoni.

Dirishani alikuwa mama mkwe, kipofu ambaye kila kukicha husahau kwamba mwanawe alishazikwa.

"Mwanangu, umerudi?"

Mjane akashikilia mlango wa banda. "Nimerudi, mama," akajibu, kwa sauti nzito ambayo hakujua kaitoa wapi.

"Basi mwambie mkeo apunguze kulia usiku. Mimi ni kipofu, si kiziwi."