Mama Futi Apima Darubini

Alikuwepo, na mwenye shaka akayaulize mapazia ya mtaa mzima, mshona mapazia mmoja ambaye jina lake la kuzaliwa lilisahauliwa hata na mamake mzazi. Watu walimwita Mama Futi, kwa sababu futi kamba, ile ya manjano ya kupimia, haikubanduka shingoni mwake, ila kwa kupima tu, tangu siku ya harusi. Hata bwana harusi mwenyewe alipimwa mabega kwanza ndipo akakubaliwa. Mama huyu angeweza kukutajia upana wa dirisha lako akiwa ng'ambo ya barabara, amelipa mgongo, anapiga chafya.

Sasa Mama Futi, pamoja na miaka yake hamsini na mitatu, cherehani mbili na jozi mbili za miwani, moja ya sindano na moja ya watu, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: gemu. Wala si gemu ya kupanga peremende. Ni ile ya bunduki, ya mji uliohamwa, ambamo wachezaji huviziana nyuma ya kuta, wawili kwa wawili, mpaka upande mmoja umalizwe wote. Aliyemwambukiza ni wifi yake, mke wa kaka yake, msusi mwenye saluni chumba cha pili. Kompyuta moja ilikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, ya pili ilikaa saluni kati ya makopo ya mafuta ya nywele, na wawili hao walipeana amri za vita kwa kugonga ukuta. Gonga moja: jifiche. Gonga mbili: njoo. Gonga tatu: nina mteja, nisubiri.

Kwa macho matupu, Mama Futi alikuwa moto wa kuotea mbali. Ukichungulia tu, kwisha habari yako. Lakini akishaweka jicho kwenye darubini ya bunduki, hasa ile kubwa ya kuvuta vitu vya mbali, mkono ule ule uliotunga uzi sindanoni kwa mara moja ulipagawa. Akiugusa mausi, kile kipanya cha kompyuta, bunduki inaruka nyumba tatu. Jumamosi iliyopita, wifi kazingirwa, analia ukutani, Mama Futi alimlenga adui aliyesimama mbele ya duka la mikate. Risasi ikapita juu ya duka, ikapita tangi la maji, ikapita mawingu, na mpaka leo haijashuka. Ndege wa huko juu wamejifunza kuikwepa.

Jumapili wifi aliingia chumba cha kushonea na kitana kimechomekwa nyweleni.

"Wifi, wewe nakupenda."

"Sema tu, wifi. Ukianza hivyo najua kuna msiba."

"Jumamosi hii tunakutana kwenye ukumbi wa gemu na daktari wa meno na msaidizi wake. Ukipiga hewa tena, kiti chako nampa dereva wa winchi."

"Yule anayelala wima kama ufagio?"

"Analala, lakini mkono wake hautikisiki! Juzi kashusha piano kutoka ghorofa ya sita, haikutoa hata mlio mmoja."

Mama Futi alicheka mpaka wifi alipotoka, kisha kicheko kikamkauka. Miaka ishirini na miwili wamefanya kila kitu pamoja wao wawili. Walijifunza baiskeli pamoja, wakaanguka mtaro mmoja. Walianza kujikondesha siku moja, wakaacha siku hiyo hiyo. Leo aachwe kwa ajili ya mtu anayekoroma kasimama?

Jumatatu asubuhi alifunga mlango, akavaa miwani ya sindano, akatandaza futi mezani. Aliuweka mausi penye sifuri, akauburuta polepole kwenda kulia mpaka yule askari wake wa kwenye skrini akazunguka mzunguko mzima na kurudi kuutazama mlango ule ule. Sentimita thelathini na mbili. Akajaribu kwa darubini ndogo: kumi na tisa. Ya kati: hamsini na moja. Kubwa: kumi na moja tu! Kumbe miezi yote alikuwa akizibonyeza zile namba za kasi ya mausi, kila darubini na yake, kama mtu anayetia chumvi huku anaongea na simu.

"Mungu wangu, suruali ya miguu minne, na kila mguu una urefu wake!"

Mumewe, fundi friji, akachungulia dirishani na bomba la gesi begani. "Mke wangu, unaushonea mausi suruali?"

"Pita zako, baba watoto. Nipo kazini."

Akazirekebisha zote. Macho matupu thelathini na mbili, darubini zote tatu thelathini na mbili. Kipimo kimoja, mambo yamekwisha. Aligonga ukuta mara mbili kwa madaha, wakaingia mazoezini, akamlenga adui kwa darubini kubwa. Ikawa afadhali, ndiyo, kwa maana badala ya kuruka nyumba tatu aliruka mbili.

Kutoka upande wa pili ikasikika gonga ambayo haikuwa kwenye orodha yao. Ilikuwa ya kichwa cha wifi.

Alhamisi akaenda kutundika mapazia kwa nesi mstaafu. Yuko juu ya ngazi, pini saba mdomoni, nesi akamuuliza kutoka chini:

"Fundi, mbona hili umetumia mita nne na lile mita mbili na nusu? Si tungeweka sawasawa?"

"Mama, usinihesabie kitambaa," akajibu kupitia pini, maneno aliyomwambia kila mteja tangu ujana. "Kitambaa kinajikunja, kinapotelea kwenye marinda. Jicho lako linaona dirisha. Mimi napima diri..."

Pini moja ikadondoka.

Basi yeye wiki nzima alikuwa akipima kitambaa! Mzunguko mzima wa nini? Nani aliyewahi kuzunguka kama pia huku jicho liko kwenye darubini? Darubini inavuta mji, inaufanya mnene. Hatua ile ile ya mkono inakuwa ndefu machoni. Kinachotakiwa kulingana ni safari ya kitu juu ya kioo, pale jicho linapotazama. Dirisha!

Watu walioshuhudia wanasema alishuka ngazi ile bila kukanyaga kipandio hata kimoja, na akafika dukani kwake kabla ya pini iliyodondoka kugusa sakafu.

Alichukua chaki ya kuchoria vitambaa, akatia nukta katikati ya skrini. Akatandaza vidole, akapima shubiri moja kwenda kulia, akachora mstari. Kwa macho matupu aliuweka mlingoti wa taa juu ya ule mstari, akausogeza mausi mpaka mlingoti ukafika kwenye nukta. Sentimita nne za mkono. Haya, darubini ndogo: kitu kikae kwenye mstari, mkono uende sentimita nne. Kikipita nukta, anapunguza kasi. Kisipofika, anaongeza. Akaenda hivyo hivyo na ya kati, na kubwa, mpaka zote zikatii. Shubiri moja ya kioo, sentimita nne za mkono, uwe na darubini au usiwe nayo. Alipomaliza alicheza dansi peke yake kati ya cherehani mbili, na ya tatu ingekuwepo angecheza nayo.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Dereva wa winchi alikuwepo, kaegemea nguzo, tayari kwa kiti, macho kayafumba. Daktari wa meno alisugua viganja.

"Mama Futi, fungua mdomo. Leo tunang'oa bila ganzi."

"Ng'oa taratibu, daktari. Hayo ya mbele ni ya kununua."

Wifi hakucheka. Mama Futi akaketi, na moyo ukamwanguka mpaka kwenye viatu. Skrini za ukumbi zilikuwa pana kama milango, mausi mwingine kabisa. Namba zake zote alizoandika kwenye kipande cha bitana hazikuwa na maana tena. Akachomoa chaki kwenye kilemba.

"Mama! Mama! Kioo changu!" mwenye ukumbi akaruka.

"Inafutika, kaka. Nishachora magauni ya maharusi, sembuse televisheni yako."

Akapima macho matupu, akapima ndogo, akapima ya kati. Kengele ikalia. Darubini kubwa haijapimwa.

Mwanzo walienda vizuri. Msaidizi wa daktari alitoka mapema, akauacha mdomo wazi kama mgonjwa wake. Kisha wifi akaviziwa kwenye ngazi, naye akatoka. Akabaki Mama Futi peke yake, na daktari juu ya mnara, mbali kule mwisho wa mji, pasipofikika ila kwa darubini kubwa.

Mama Futi akajificha nyuma ya ukuta. Akafungua namba za kasi. Akavua futi shingoni, akaitandaza kando ya mausi.

"Wifi!" wifi akapiga yowe. "Huu ni wakati wa kushona?"

"Ninyamazie, wifi, nahesabu."

Akauweka mlingoti juu ya mstari wa chaki. Sentimita nne. Umepita. Akapunguza. Nne tena. Umepita kidogo. Risasi za daktari zinabomoa ukuta, tofali moja baada ya jingine, linabaki la kufunika pua. Akapunguza tena. Nne. Mlingoti ukatua juu ya nukta kama kipepeo.

Akajitokeza. Na wapi alipoinua kichwa daktari wa meno? Juu ya mstari wa chaki! Shubiri moja kamili, kama mteja aliyekuja kupimwa. Mama Futi hakumtazama hata kidogo. Aliitazama futi yake ya manjano, akausogeza mkono: moja, mbili, tatu, nne.

Pa!

Ukumbi ulipaa. Wifi alimrukia shingoni, kiti kikavunjika, wakaenda chini wote wawili, kama kwenye ule mtaro wa zamani.

"Wifi yangu! Kiti ni chako mpaka uzeeke!"

"Kiti gani, wifi? Umekivunja."

Daktari wa meno alikuwa wa kwanza kupanga foleni, skrini yake kaikumbatia. "Mama Futi, na mimi nipime." Nyuma yake wakapanga wengine kumi na saba, na mwenye ukumbi mwenyewe akazunguka kugawa chaki.

Kelele zile zikamwamsha dereva wa winchi kwenye nguzo yake. Akajinyoosha, akauliza:

"Zamu yangu?"

"Hapana, baba," wifi akamwambia akiwa bado sakafuni. "Wewe endelea tu kulala."