Karai Lililobaki Ghalani

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Hapana, nisiwadanganye. Mwaka huo ndio Limi, mke wa Ngusa, alibeba mtoto akarudi kwao Ushetu. Haya ya ghalani yalikuja baadaye, ishirini na moja, mwaka ule duara la kina Ngusa, shimo lao la dhahabu, lilipojaa maji wakashinda wakiyatoa kwa ndoo.

Ngusa alikuwa mchimbaji kwenye machimbo madogo upande wa Geita, Msukuma wa Shinyanga, mrefu, mpole akiwa hajanywa. Ila siku za kutokunywa zilikuwa chache. Wenzake walimpenda kwa sababu alikuwa na mkono: pale anapogonga yeye, dhahabu haikawii kuonekana. Na kila alichopata kiliishia kwenye gongo. Alipomfuata Limi, baba mkwe alimkaribisha vizuri, akamlisha, kisha akamwambia, "Mkwe wangu, usije tena hapa kuniambia umeacha. Mlevi anaacha kila asubuhi. Siku nitakayosikia kwa midomo ya watu wengine, Limi nitamleta mwenyewe."

Akarudi machimboni na maneno hayo. Asubuhi alikuwa akinywa chai kwa Hosiana, mama mmoja aliyeuza chai na mandazi karibu na duara lao. Hosiana alimjazia kikombe nusu tu, siku zote. Siku moja Ngusa akauliza, "Mayu, mama yangu, mbona wenzangu unawajazia?"

"Wenzako hawatetemeki. Wewe nikikujazia unaoga."

Ngusa akaona aibu, akaficha mikono. Hosiana akashusha sauti. "Usiifiche, baba. Na mimi nilinyweshwa nusu kikombe."

"Wewe? Ulikuwa unakunywa?"

"Tena nilikuwa nalala na chupa kama mtoto mchanga. Sikiliza. Alhamisi, jua likianza kupoa, njoo lile ghala bovu la pamba. Tuko wachache tunaosaidiana kuiacha. Usipite njia ya sokoni."

Machimboni ukikohoa, jirani anajua umelala wapi, kwa hiyo wanakikundi walikwenda mmoja mmoja, kila mtu na njia yake. Alikuwepo mwalimu, fundi pikipiki, na mama mmoja ambaye mumewe anaheshimika sana pale. Wanakalia magunia, chai inapita, mtu anataja jina lake na yaliyompata. Ngusa alisikiliza tu. Zamu yake ikifika anatikisa kichwa, nao wanamruka bila kumsumbua. Lakini gongo hakuigusa tena, na jioni alijifungia chumbani akitoka jasho.

Sasa, mtu mwenye mkono akianza kutoweka kila Alhamisi, kimya kimya, kwa njia ya porini, wachimbaji watawaza nini? Waliwaza ameona mwamba mpya anawaficha. Wawili aliokuwa akichimba nao, Nasibu na Maige, wakamfuata.

Waliingia ghalani kwa kishindo, Nasibu na karai kichwani na nyundo mkononi, Maige na patasi zake za mwamba.

"Leo tumewakamata!" Nasibu akasema. "Mchoyo wewe! Tunagawana, Ngusa. Shimo liko wapi?"

Maige alishaanza kukanyagakanyaga sakafu, anasikiliza wapi pana shimo chini. Mwalimu akavuta kofia ikafunika uso. Yule mama akageukia ukuta.

Uongo ulikuwa tayari, tena wameuleta wenyewe. Angesema tu, "Haya, tulieni, mtapata sehemu yenu," wote wangesalimika, yeye wa kwanza. Ngusa akamkumbuka mzee wa Ushetu, akasimama.

"Hapa hakuna dhahabu. Humu mlevi ni mimi. Hawa ni majirani, nimewaomba waje wanisikilize. Pombe ilinishinda, ikanifukuzia mke. Sijaonja tangu tulipomaliza kutoa maji duarani. Jina langu mnalijua."

Ndivyo alivyofunguka kwa mara ya kwanza, na aibu ya ghala zima akaibeba peke yake. Mwalimu akaivua kofia taratibu.

Nasibu alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwanaume mzima! Kumbe unatoroka kwenda kunywa chai!" Akatoka mbio kuwahi kilabuni na habari ile ikiwa bado ya moto, hata karai akalisahau.

Maige alibaki, anazitazama patasi zake. Mwishowe akauliza, "Chai imebaki?"

Hosiana akachukua kikombe, akaitazama mikono ya Maige, akamjazia nusu.

Mdomo wa Nasibu haukupumzika. Kilabuni walicheka, wanunuzi wa ng'ombe wakaibeba hadithi mnadani, mnada kwa mnada, mpaka Ushetu. Haukupita muda mrefu, mzee akateremka kwenye basi, nyuma yake Limi na mtoto. Ngusa akainama, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia," mzee akajibu, akaomba maji ya kunywa.

Ngusa yuko mpaka leo, hanywi, na ghalani ndiye anayewahi kufika kuwasha moto wa chai. Lile karai wanaoshea vikombe. Nasibu siku hizi hawezi kufunga vifungo vya shati asubuhi kabla ya kuonja gongo. Ngusa hajawahi kumcheka. Wakikutana humshika bega na kumuuliza jambo moja, na Nasibu hutabasamu, akatazama pembeni, akapita. Swali la Ngusa ni lile lile:

"Karai lako lipo, ndugu yangu. Utakuja lini kulichukua?"