Digrii ya Haikaeli na Mguu wa Mama Yake

Naikumbuka siku moja ya Desemba, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iko mezani na majani mdomoni, na binamu yangu Haikaeli amesimama kando yake akipigiwa vigelegele. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu umenionyesha kwenye simu yako vyuo vya mtandaoni ukaniuliza kipi kinafaa kwa digrii ya uuguzi. Jibu langu linapitia makaburini, univumilie.

Mimi na Haikaeli tulikuwa wahudumu wa wodi katika hospitali moja hapa juu Machame. Tulifagia, tulitandika vitanda, tulimwaga mikojo. Thelathini tulishaivuka, lakini sote wawili tulitaka kuwa manesi. Nawe unaijua Desemba ya kwetu: kila mtu anapanda mlimani, na baada ya chakula watu wanapimana kwa macho. Kaka zake walishuka kwenye magari yao kutoka Dar wakashangiliwa, yeye akaitwa aoshe sufuria. Akaapa kwamba Krismasi inayofuata ataitwa kwa cheo.

Akapata chuo cha ng'ambo, cha mtandaoni, kinachotoa digrii kwa mwaka mmoja. Hakikuuliza amesoma nini kabla, wala hakikumtaka akanyage wodini kwa mazoezi. Mimi pia nilivutiwa, kwa nini nikudanganye? Tukamweleza matroni wetu, mama aliyekaribia kustaafu, asiyependa maneno mengi. Akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Haika, huko kwenye kompyuta, ukikosea sindano nani atakushika mkono?"

"Matroni, dunia imebadilika. Siku hizi kila kitu kipo kwenye video."

"Na mgonjwa naye yupo kwenye video?"

Haikaeli alicheka. Mimi nilinuna, maana nani anapenda kukatishwa tamaa? Lakini nilimwogopa yule mama kuliko nilivyoipenda digrii, nikaanza na cheti cha kawaida, chuo cha mbali, polepole. Digrii ya mtandaoni niliisoma baadaye sana, nikiwa nesi tayari, asubuhi wodini, jioni kwenye kompyuta.

Haikaeli alimaliza. Mchungaji akaomba, ndafu ikaliwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Januari alipokwenda kuomba usajili, akaambiwa digrii yake haitambuliki. Angerudi akasema, mwanangu, tungemteta wiki mbili tukachoka. Akanyamaza. Kijijini walishaanza kumwita Daktari.

Mwaka huo mama yake, ambaye ni shangazi yangu, alijikata mguu kwa panga akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa na kisukari. Majirani wakamsihi ashuke hospitali.

"Nikapange foleni ya nini," akawajibu kwa maringo, "na nesi wa digrii ninaye humu ndani?"

Haikaeli akakifunga kidonda kwa bandeji nyeupe, safi kabisa, kama alivyoona kwenye video. Shangazi akawa anakwenda nayo kanisani, watu wanaisifu. Mimi nilikuwa chuoni, nikisikia sifa tu. Nilipokuja likizo, harufu ilinipokea kabla sijapiga hodi. Tulimbeba siku hiyo hiyo. Mguu ukakatwa juu ya goti, lakini sumu ilishaingia kwenye damu. Hakuiona Pasaka.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la familia, katikati ya migomba yake. Watu walipotawanyika, Haikaeli akanishika mkono.

"Dada, nilikiona kidonda kinabadilika rangi. Nilijua siwezi. Sasa ningesemaje, na ndafu walishaila?"

Alihama mlimani, na Desemba haji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mama yako. Nikilikumbuka hilo bado naumia.

Sasa tuje kwenye vyuo vyako. Usihangaike na picha za majengo. Waulize wanaosajili wauguzi hapa nchini kama wanakitambua chuo hicho. Waulize wao, usikiulize chuo, kwani muuza maziwa hasemi yake yamechacha. Uliza pia mazoezi utafanyia hospitali gani, na nani atakusimamia. Kinachokwambia mazoezi si lazima, kikimbie. Kama chuo kinachotambuliwa kitakuchelewesha miaka, chelewa, na wanaotaka kukushangilia wasubiri mpaka usajiliwe. Ukikwama katikati, njoo useme. Aibu ya kusema inapita, mimi nimeziona nyingi zikipita.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mikono ya kuponya, na siku mikono itakaposhindwa, akupe ujasiri wa kusema "sijui" mgonjwa akiwa bado anapumua.