Nani Anachafua Vigae vya Kinuyo?

Saa nane na nusu mchana, Kinuyo Sakaguchi amepiga magoti kwenye sakafu ya hamamu, upande wa wanawake, anasugua vigae vyeupe kwa mswaki mkuukuu. Mvuke umejaa hadi darini. Miwani ameivua, maana humu haimsaidii kitu.

Anachosugua ni tone la rangi ya zambarau. Ni la saba wiki hii.

"Hebu niambie," ananiambia bila kuinua kichwa. "Niliyemshika hajakanyaga hapa siku tisa. Sasa hili limetoka wapi? Limeshuka mbinguni?"

Kinuyo ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na mmoja amefanya kazi katika hamamu hii, bafu la kulipia la mtaani, Osaka, Japani, kwa yeni 1,150 kwa saa. Hupanga vigoda na mabeseni, hukaa kwenye meza ya mlangoni, na huhakikisha hakuna mteja anayepaka rangi ya nywele humu ndani.

Wiki mbili zilizopita za kwake zilipakwa zambarau, jikoni nyumbani. Kwa nini?

"Usiniulize mimi!" anacheka. "Niliamka tu nimechoka kujiona. Mume wangu akauliza kama naumwa."

Aliyempaka ni Shigeno Imoto, mteja wa miaka sabini na tisa, ambaye mvi zake huzitia zambarau hiyo hiyo. Kwa Shigeno rangi ni ya kufifia. Nywele za Kinuyo zilikuwa bado nyeusi tii, ikabidi waondoe weusi kwa dawa mara mbili, kichwa kikimwasha kama pilipili. Rangi ilipoingia, iliwaka.

"Akanionya: osha kwa maji baridi, ya moto huitoa rangi. Nimetii. Kwangu maji yanatoka meupe pee."

Mwenye hamamu, Bi Tsujii, alipokiona kichwa kile hakucheka. "Likidondoka tone moja humu, Kinuyo, huna kazi."

Siku chache baadaye tone likaonekana. Shigeno ndiye huingia wa kwanza kila siku, saa tisa kamili hamamu ikifunguliwa, na tone lilikuwa kando ya kigoda chake. Kinuyo alimwinamia akamwonyesha, Bi Tsujii akiwa amesimama nyuma yao.

"Da' Shigeno, hata wewe?"

Shigeno alimtazama kitambo, akachukua taulo lake, akaondoka. Chumba anachopanga hakina bafu. Sasa huenda hamamu nyingine, mwendo wa dakika ishirini na tano, na goti lake bovu.

"Alivyonyamaza, nikajua ni yeye," anasema Kinuyo. "Lakini matone hayaishi. Nayafuta kabla bosi hajafika. Sielewi, wallahi sielewi kitu."

Anainuka, anajifuta jasho la shingoni kwa kiganja. Kiganja kinatoka zambarau. Anakitazama. Anatazama kigae alichokisugua sasa hivi, na pale pana tone jipya.

"Mama yangu wee! Kumbe mimi!"

Kichwa chake hakijagusa maji ya moto. Mvuke na jasho ndivyo vimekuwa vikiitoa rangi, kila mchana, akipanga vigoda.

Anakaa chini pale pale kwenye majimaji, anapiga simu.

"Da' Shigeno, nimekukosea sana. Rangi inatoka kwenye nywele zangu."

"Leo ndiyo umejua?" Sauti ya bibi inasikika chumba kizima. "Siku ile uliponiinamia, tone lilikuwa linaning'inia sikioni mwako. Nimeliona kwa macho yangu haya."

"Mbona hukusema?"

"Niseme na Tsujii kasimama pale? Ungekula nini, mdogo wangu, sabuni?"

Kinuyo analia kwa sauti, hajali nani anamwona.

Mlango wa nyuma unafunguliwa. Ni Bi Tsujii, amewahi leo. Kinuyo anasimama, anajifuta uso, na uso nao unageuka zambarau.

"Namwambia sasa hivi," ananinong'oneza. "Akinifukuza, sijui nitafanya nini. Kweli sijui. Ila kesho saa tisa kamili yule mama ndiye wa kwanza kuingia kwenye maji, hata ikibidi nimbebe mgongoni."